Beit al-Ajaib: kwa nini kuirudisha nyumba moja kunachukua muda wote huu?

Mpitanjia_Dom ameandika:

Habari za muda huu wakuu. Nilikuwa Unguja hivi karibuni kikazi nikitokea Dodoma, jioni nikashuka Forodhani, ile bustani ya ufukweni Mji Mkongwe, kula upepo kama kila mtu, nikageuka kuitazama Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la sultani lililoporomoka mwaka 2020, na kwa kweli moyo uliniuma. Mimi mara ya kwanza niliingia mle nikiwa form two, shule ilituleta, enzi hizo ni makumbusho, nakumbuka ule mlango mkubwa wa nakshi hadi leo, nakumbuka na ule mtepe, chombo cha baharini cha kizamani, umekaa katikati ya ukumbi mbao zimeshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, mwalimu alitukatalia kuugusa lakini niliugusa. Halafu tukapanda juu kwenye veranda tukaiona bahari yote. Sasa hivi unaona pengo tu pale palipokuwa na mnara wa saa.

Nina maswali mawili naombeni mnisaidie wenyeji na wanaojua ujenzi. La kwanza historia yake hasa ni ipi, maana pale nje niliuliza watu watatu nikapata majibu matatu, mmoja ananiambia Wareno ndio walijenga, mwingine anasema ilikuwa nyumba ya kulala ya sultani, mwingine ofisi ya Mwingereza. La pili, hivi kuijenga kwa nini ni kazi ndefu hivi? Picha zake zipo kibao, vipimo nadhani vipo, siku hizi ghorofa kumi zinasimama ndani ya mwaka mmoja. Si wamwage zege halafu sura ya nje waifanye ifanane na ile ya zamani? Siulizi kwa ubishi, nauliza kwa sababu nataka kuelewa.

---

BintiShangani amejibu:

Karibu sana kaka, na pole kwa kuumia moyo, sie tunaopita pale kila siku ndo tumeshazoea kutotazama juu.

Nianze na la Wareno. Wareno hawakujenga ile nyumba, ila kuna mizinga miwili ya Kireno ya karne ya 16 ilikuwa imewekwa mlangoni, nadhani ndo iliyomchanganya huyo aliyekwambia. Na ile Ngome Kongwe iliyo pembeni yake, hiyo ndo inahusiana na habari za Wareno, waliojenga ni Waomani baada ya kuwatoa Wareno, na ndani yake mlikuwa na masalio ya kanisa lao. Watu wanaziunganisha kwa sababu ziko bega kwa bega.

Beit al-Ajaib kaijenga Sultan Barghash bin Said, mwaka 1883. Huyu alitawala 1870 hadi 1888 na alikuwa mtu wa kujenga khaswa, ndo huyo huyo aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka Chemchem. Na kiwanja chenyewe si kipya, inaelezwa pale ndo palipokuwa na nyumba ya Malkia Fatuma huko karne ya 17. Barghash alitaka jumba la shughuli za kifalme, mapokezi, sherehe, wageni wa nchi. Kwa hiyo yule aliyekwambia nyumba ya kulala kakosea kidogo, makaazi yalikuwa majumba ya jirani, Beit al-Sahel na Beit al-Hukm, na yote matatu yaliungwa kwa njia za juu zilizofunikwa, wanawake wa jumbani wakitoka huku wanaingia kule bila kukanyaga barabara wala kuonekana na mtu. Mie nikiwa mdogo bibi yangu akinisimulia hizo njia za juu nikawa nazitafuta ukutani kwa macho, wapi zilipokuwa zimeshika.

Jina la Ajaib limetokana na mambo yake. Ndo nyumba ya kwanza Zanzibar kuwa na umeme, na ikaja kuwa na lifti, ya kwanza Afrika Mashariki. Sakafu ya marumaru, milango ya ndani ina aya za Qur'ani zimechongwa na kupakwa dhahabu. Na ilikuwa ndo refu kuliko nyumba zote mjini, ukija kwa chombo baharini ndo ya kwanza kuiona.

Halafu ikaja 1896. Sultan Hamad bin Thuwaini kafariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash akaingia jumbani akajitangaza, Waingereza hawakumtaka, wakampa mpaka saa tatu asubuhi tarehe 27. Hakutoka. Manowari zikapiga, hata saa nzima haikufika, ndo ile vita inayotajwa kuwa fupi kuliko zote duniani, watu husema dakika 38. Lakini kwa dakika hizo Beit al-Hukm ilikwisha kabisa, ile bustani unayoiona baina ya Beit al-Ajaib na jumba la pili ndo pahala pake. Beit al-Sahel iliumia vibaya. Mbele palikuwa na mnara wa taa wa kuongozea meli, nao ulipigwa. Beit al-Ajaib ikabaki imesimama. Kwenye matengenezo ya baada ya hapo, 1897, ndo wakaufanya mnara wa saa ukawa sehemu ya nyumba yenyewe, usoni. Kwa hiyo huo mnara unaoulilia haukuwapo wakati wa Barghash, kaka yangu, lakini sie sote tumezaliwa tumeukuta.

Na wa tatu hakukosea. 1911 Waingereza waliifanya ofisi za serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikawa ya chama cha Afro-Shirazi (ASP), skuli ya itikadi na makumbusho ya chama, na huku kwenye miaka ya 2000 ndo hayo makumbusho ya historia na utamaduni uliyoyaona wewe. Mwaka 2012 kipande kikaanguka, ikafungwa. Halafu ile siku, tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yanaendelea kwa fedha za serikali ya Oman, upande mkubwa wa mbele ukashuka pamoja na mnara. Watu wawili walifariki. Mungu awarehemu, mara nyingi tunaililia nyumba tunawasahau waliokuwamo ndani wakifanya kazi.

La ujenzi nawaachia mafundi.

---

MwashiMkongwe amejibu:

Salaam aleikum jamaa. Mie ni fundi mwashi, nyumba za Mji Mkongwe nimezifanya tangu kijana nikimbebea baba yangu karai, Beit al-Ajaib sijaifanya mie kwa hiyo sitosema kitu cha ndani ya mradi ule ambacho sikijui, nitasema habari ya nyumba za namna ile.

Kijana wa Dodoma kauliza swali zuri, kwa nini wasimwage zege. Nitamjibu kwa ukuta. Ukuta wa huku si tofali wala si jiwe la mlimani, ni jiwe la matumbawe, la pwani, limejaa vitundu, na baina ya jiwe na jiwe ni udongo na chokaa na mchanga. Ukuta mnene, dhiraa nzima na zaidi. Ukuta ule unakunywa maji, mvua ikipiga unakunywa, chini unavuta unyevu wa ardhi, na jua likitoka unayatoa yale maji kupitia lipu ya chokaa. Ndo maisha yake yote, unakunywa na kutoa, kunywa na kutoa, miaka mia na zaidi. Sasa aje mtu na simenti. Simenti ngumu, haipitishi, ukiipaka nje nyumba inapendeza kama imezaliwa jana, miaka mitatu minne huoni kitu. Ndani huku maji yamenasa. Na maji ya pwani yana chumvi, chumvi ikikauka inakuwa vibonge vidogo ndani ya vitundu vya jiwe, inasukuma, jiwe linasagika. Mie nimebandua lipu ya simenti kwenye nyumba moja huko Malindi, lipu yenyewe imetoka nzima kama sahani, nyuma yake nikatia mkono, jiwe linatoka kwa vidole kama sukari guru iliyopata maji. Nikachota kwa kiganja. Ukuta unaobeba ghorofa mbili.

Na boriti je. Nyumba zetu za kawaida dari yake ni boriti za mikoko, na mti wa mkoko haukupi urefu, ndo maana vyumba vya nyumba za zamani vyote ni vyembamba virefu, upana wa chumba ni urefu wa boriti, basi. Kichwa cha boriti kimeingia ukutani, ukuta ukibaki majimaji kichwa kinaoza, mchwa anafuata, na wewe ukiwa chini ukitazama boriti unaiona nzima tu, kilichooza ni kile kipande usichokiona. Nyumba nyingi zinazoanguka huku zinaanguka baada ya mvua za masika kwa sababu hiyo, paa limevuja siku nyingi, maji yameshuka ukutani, vichwa vimeoza.

Barghash yeye alitaka kumbi pana na dari za juu, na mkoko ungemtia kwenye chumba chembamba kama sie wengine. Kwa hiyo wakachanganya. Matumbawe na chokaa za kwetu, boriti za kwetu, halafu mihimili ya chuma kutoka Ulaya, na zile nguzo nyembamba ndefu za veranda ni chuma cha kusubu, kimeyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, huku hakijawahi kuonekana. Ndo uzuri wake wote umetoka hapo, ile veranda kuzunguka nyumba nzima ghorofa juu ya ghorofa bila ya ukuta kuziba upepo. Na ndo ugonjwa wake pia. Chuma upepo wa bahari unakila, na kikipata kutu kinavimba, kinakuwa kikubwa kuliko kilivyokuwa, sasa kama kimefungwa ndani ya ukuta wa chokaa kinaupasua kwa ndani. Hapo una mgonjwa mwenye maradhi mawili yasiyotibika kwa dawa moja, ukuta unataka hewa na chuma kinataka kufungiwa hewa.

Kwa hiyo ukimwaga zege kwa ile nusu iliyoanguka utaishika vipi na nusu iliyosimama? Zege haliinami. Ukuta wa chokaa unakwenda na joto, na ardhi, kidogo kidogo, nyufa ndogo zinajiziba zenyewe maana chokaa ikipata maji inayeyuka kidogo inakamata tena. Ukilifunga zege na ukuta wa chokaa, mwenye nguvu atamvunja mnyonge.

---

Injinia_Kijana amejibu:

Mzee MwashiMkongwe heshima kwako, umenifundisha kitu ambacho chuoni tulikipita kwa nusu saa. Ila naomba nitofautiane kidogo. Zege siyo adui kila mahali. Pale ambapo ukuta haupo tena kabisa, kwa mfano msingi wa mnara, mimi naona ni halali kuweka mfumo wa ndani wa kisasa unaobeba mzigo, halafu ukuta wa matumbawe na chokaa ukajengwa kando yake ukiwa huru, na nafasi kati yao. Usalama wa watu ni kitu cha kwanza, hili jengo likifunguliwa litaingiza mamia ya watoto wa shule kwa siku kama huyo mdau alivyoingizwa form two. Huwezi kuwaambia wazazi tumejenga kama 1883 kwa hiyo tuna uhakika kama wa 1883.

Kingine wakuu, kuchelewa kwingine hakuhusu kumwaga kitu chochote. Jengo likianguka lile rundo la mawe ni ushahidi. Kila nguzo, kila kipande cha mlango, kila tofali la nakshi inabidi kitolewe kwa mkono, kipewe namba, kipigwe picha, kihifadhiwe, ndipo ujue kipi kinarudi. Na kabla hujagusa kilichobaki lazima ukishikilie kwa nguzo za muda pande zote, maana nusu iliyosimama ilikuwa inaegemea nusu iliyoanguka. Hiyo peke yake ni kazi ya muda mrefu na mpita njia haoni chochote kinachoongezeka, anaona mabomba ya jukwaa tu. Halafu Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kila uamuzi mkubwa unapita kwa wataalamu wengi kabla ya kwenda kwa fundi.

---

MwashiMkongwe amejibu:

Mwanangu injinia hapo sikukatalii. Ukuta kando na mfumo kando, usivifunge pamoja, sawa kabisa. Ninachokataa ni kile cha "sura ya nje ifanane". Nyumba si sura.

---

Zena_wa_Mizingani amejibu:

Nimeusoma huu uzi wote mara mbili. Naomba niongeze mfano wa uliofanikiwa, maana tunazungumza kama vile haiwezekani.

Ondokeni Forodhani mfuate barabara ya Mizingani kuelekea bandarini, mkono wenu wa kulia mtaiona nyumba ya roshani, ile tunayoiita Dispensari ya zamani. Mimi kwangu mimi hiyo ndiyo nyumba nzuri kuliko zote Zanzibar, hata Beit al-Ajaib ikae pembeni. Ilianzishwa na Tharia Topan, tajiri wa Kihindi wa Kiismailia aliyekuwa akisimamia forodha za sultani, jiwe la msingi liliwekwa 1887 kuadhimisha miaka 50 ya Malkia Victoria, naye akafariki 1891 haijakwisha, mjane wake akaiendeleza ikamalizika 1894. Baadaye ikanunuliwa ikawa dispensari ya hisani chini, juu wakikaa watu. Baada ya 1964 ikaja mikononi mwa serikali, ikachakaa mno, mama yangu anaikumbuka miaka ya 80 roshani zinaning'inia na njiwa wanaingia kwa vioo vilivyovunjika.

Miaka ya 1990 ikachukuliwa na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan ikatengenezwa. Na waliitengeneza kwa njia hii hii anayoisema mzee, chokaa kwa chokaa, mbao kwa mbao, mafundi wa hapa hapa wakifundishwa kazi ndani ya kazi. Ukisimama chini yake saa kumi za jioni jua linaipiga kutoka baharini, zile mbao zimetobolewa kama kitambaa cha mkono cha bibi harusi, na vioo vya rangi vinamwaga nyekundu na kijani ukutani ndani ya ua. Nenda kaangalie pembe za mbao, wapi kipande kipya kimeungwa na cha zamani. Utaona mstari. Hawakuuficha, na mimi napenda walivyouacha, unajua kipi ni cha mkono wa 1890 na kipi cha mkono wa 1990.

Sasa mimi linaloniumiza ni jingine. Beit al-Ajaib ina watu wanaoitetea hadi nje ya nchi. Nyumba yetu sisi ya familia, nyuma ya Mizingani, haina mtu. Tulimpa mkandarasi kazi ya paa na lipu, akatupigia simenti nyumba nzima nje na ndani, hadi kwenye vile vidaka, vishubaka vya ukutani vya ukumbini ambamo bibi alikuwa anaweka chetezo, akavijaza akasawazisha kwa sababu alisema "vinakusanya vumbi". Tulikuwa tunamshukuru. Sasa naisoma habari ya sukari guru hapo juu na natazama ukuta wa ngazi una doa linapanda kila masika, rangi inabetuka. Mzee MwashiMkongwe, shikamoo, nifanye nini?

---

MwashiMkongwe amejibu:

Marahaba mwanangu. Usihuzunike, mliifanya kwa kuipenda, na simenti imeuzwa kwetu kama dawa ya kila kitu kwa miaka hamsini.

Fanya hivi. Kwanza sahau ukuta, panda juu ya paa. Tazama mifereji ya maji, tazama bati lilipokutana na ukuta, tazama kama pana kimche cha mkuyu kimeota kwenye ufa, hicho kikatwe na mzizi wake utiwe dawa, usikivute kwa nguvu kitatoka na jiwe. Ukuta hautibiki maji yakiwa bado yanaingia. Pili, chukua kitu kigumu kama mpini wa kisu, gonga lipu taratibu kutoka chini kwenda juu. Ikilia ndani tupu, koo koo, hapo imeshaachana na jiwe. Ikilia nzito, dudu dudu, bado imeshika. Weka alama kwa chaki. Tatu, palipoachana ndo pa kuanza kubandua, kipande kidogo kidogo, kwa mkono na patasi ndogo, si kwa mashine inayotikisa. Ukishabandua acha. Acha ukuta wazi uvute upepo, miezi, msimu mzima wa kiangazi ukiweza, usiwe na haraka ya kupendeza. Chumvi itatoka nyeupe kama unga, ipanguse kwa brashi kavu, itatoka tena, ipanguse tena.

Halafu ndo chokaa, na si chokaa ya kununua leo kupaka kesho. Baba yangu chokaa akiitoa tanuri anaitia shimoni, anaimwagia maji, inachemka yenyewe bila ya moto, sie watoto tukifukuzwa tusikaribie maana ikikurukia jichoni ndo basi. Halafu inafunikwa ikae, miezi, kila ikikaa inakuwa laini, mwisho ukiikata kwa mwiko inakatika kama siagi. Lipu yake inapigwa tabaka nyembamba, moja inakauka ndo nyengine inafuata, na kila siku unainyunyizia maji isikauke kwa pupa. Chokaa haikauki tu kijana, inavuta hewa inarudi kuwa jiwe tena, kama ilivyokuwa tumbawe. Ndo maana inachukua muda. Hapa ndo jibu la yule wa Dodoma vile vile, fundi anaweza kuharakisha mkono wake, chokaa haiharakishwi.

Na vidaka usivichimbue kwa pupa, simenti ndani ya kidaka mara nyingi haikushika vizuri kwa sababu nyuma palikuwa pana moshi wa ubani wa miaka na miaka. Gonga kwanza.

---

Mpitanjia_Dom amejibu:

Wakuu sina cha kusema zaidi ya asante. Nilikuja na swali la zege nimeondoka nimekumbuka nyumba ya misheni kijijini kwetu, ya mawe na chokaa, walioijenga ni wa zamani sana, na mwaka juzi kamati ilichanga tukaipiga simenti mbele yote, mimi mwenyewe nilichangia mifuko mitano. Jumamosi nitakuwa kule. Nitagonga.

---

Zena_wa_Mizingani amejibu:

Nimegonga leo. Ukuta wa ngazi kuanzia chini hadi usawa wa bega langu wote unalia koo koo. Kile kidaka cha kwanza karibu na mlango nimegonga mara tatu tu kipande kikadondoka chenyewe, na nyuma yake ule ukingo wa nakshi upo, mweusi kwa moshi, haujavunjika. Nimekaa chini pale pale nikampigia mama.

---

MwashiMkongwe amejibu:

Alhamdulillah. Usiuoshe huo moshi. Na leo usigonge tena, tuonane paani kwanza.